Usianze kwa kufuta safu ya zamani

Ndugu yangu, umeuliza ubadilishe vipi jina la safu ya "simu" kwenye jedwali la hifadhidata liwe "namba_ya_simu" wakati duka la Ngamiani lina toleo jipya la programu na wa Pangani bado wana la zamani, seva ya hifadhidata ni moja. Usibadilishe jina moja kwa moja! Ongeza safu mpya pembeni, iruhusu kuwa tupu, maana toleo la zamani halijui kuijaza. Toleo jipya liandike safu zote mbili. Kwa la zamani, weka triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe ndani ya hifadhidata data inapoandikwa, inayonakili kwenda safu mpya. Kisha hamisha data zilizopo kwa mafungu, usiku. Niliwahi kufuta safu ya zamani mapema, muuza vipuri wa Chumbageni akakaa siku nzima bila kutoa risiti, iliniuma sana. Safu ya zamani ifute baada ya watu wa Pangani wote kuhamia toleo jipya, triga ikiwa imeondolewa na toleo jipya limeacha kuiandika, na uwe na nakala rudufu.