Kilele cha 0.25 Hz: kwa wanaoanza kuchambua mawimbi ya plazma

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila frikwensi) ya tatu yenye kilele kizuri katika 0.25 Hz, na aliyeileta alikuwa na furaha ile ile niliyokuwa nayo mimi kabla ya kuaibika.

1. Tazameni data ghafi kabla ya mageuzi ya Fourier. Mruko mmoja tu wa uga wa sumaku huzaa mteremko wa −2 katika spektra, na wenye haraka huusoma kuwa −5/3 ya Kolmogorov, mteremko unaotarajiwa kwenye msukosuko, na kutangaza msukosuko.

2. Jueni chombo chenu hujizungusha kwa muda gani. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa nikichambua data za Cluster, kundi la setilaiti nne za Ulaya, ambazo setilaiti zake zilijizungusha mara moja kwa takriban sekunde 4, katika eneo lililo kati ya wimbi la mshtuko na magnetopozi, yaani mpaka wa uga wa sumaku wa Dunia. Uga ulikuwa nanotesla 20 hivi, kwa hiyo frikwensi ya saiklotroni ya protoni (idadi ya mizunguko ambayo protoni hufanya kuuzunguka uga kwa sekunde) ilikuwa karibu 0.3 Hz, na chini yake kidogo palikuwa na kilele chembamba cha kupendeza. Nikapima upolarishaji, yaani namna uga wa wimbi unavyozunguka, nikapata duara kamili, mkono wa kushoto. Nani asingeamini kwamba ni wimbi la saiklotroni la ayoni? Niliandika kurasa kumi na mbili, nikaeleza hata protoni zilizolizaa, nikasimama mbele ya watu. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza: uga ulipopanda hadi nanotesla 35, mbona kilele hakikusogea? Nilikosa jibu. Wimbi la kweli hufuata uga. Langu lilinyooka kama rula saa nzima. Lilikuwa kosa dogo la sifuri ya kipimasumaku, ambalo data zikishahamishiwa kwenye fremu isiyozunguka huzunguka pamoja na chombo, yaani kwa 0.25 Hz, na ndiyo maana duara lake lilikuwa kamilifu kupita la wimbi lolote nililoliona baadaye. Ule mkono wa kushoto, ambao niliutolea aya nne, ulitokana tu na upande ambao uga ulikuwa umeelekea.

3. Geuzeni viwianishi vifuate uga kabla ya kutaja upolarishaji.

4. Dhana ya Taylor, kwamba mabadiliko ambayo chombo huyaona kwa wakati ni maumbo ya angani yanayopeperushwa kukipita, hudai mtiririko uwe na kasi kuliko mawimbi. Katika upepo wa jua inakubalika. Ndani kabisa ya magnetosfia, eneo linalotawaliwa na uga wa Dunia, ambako plazma hutambaa na kasi ya Alfvén (kasi ya mawimbi yanayosafiri kwenye uga) ni kubwa, msiniletee.

Nawe mwenye spektra ya tatu, chora mstari wa frikwensi ya saiklotroni juu ya spektrogramu yako (spektra iliyochorwa kufuata wakati), kisha urudi. Zile kurasa kumi na mbili bado ninazo, nitakupa uzisome ukingoja zamu yako.