Lulu kubwa, lulu ghali, na picha zenu zisizo na salamu

Inboksi imejaa lulu tupu wiki hii, kuna video gani sijui imezunguka huko Lamu na Malindi. Haya, tuanze.

*Lulu kubwa kabisa duniani ni ipi na ina thamani gani? (Kijana wa Faza)*

Kwa uzito ni ile ya Puerto Princesa, kisiwa cha Palawan kule Ufilipino, kilo 34, mvuvi aliiweka chini ya kitanda miaka na miaka akiamini yamletea bahati, watu wakaja kuionyeshwa 2016. Kabla yake sifa zote zilikuwa za lulu ya Lao Tzu, hio nayo ilitoka Palawan hukohuko mwaka 1934, kilo 6.4, imekunjamana kama ubongo. Sasa njoo kwa bei, na hapa ndo napigaga kelele kila siku nachukiwa. Mtandaoni utasoma dola milioni 100 za ile ya kitandani. Nani kazilipa? Hio ni bei ya mdomo. Ile ya Lao Tzu wakadiriaji waliitajia makumi ya mamilioni, lakini warithi walipoiuza 1980 waliondoka na dola laki mbili. Sababu ni kuwa hizo hutoka kwenye lile kombe jitu, sio kwa chaza wa lulu, kwa hivo hazina ule mng'ao wa tabaka juu ya tabaka ambao sonara anautafuta. Ni nyeupe tu, imepoa.

*Hii ni ngapi? (picha, hakuna salamu, hakuna jina)*

Wa-alaikum salaam na wewe. Kwa picha sipimi. Nishasema, nishaandika, nasema tena.

*Nikivunja makombe makubwa huku Mayungu naweza pata kama ile ya Ufilipino? (Msomaji, Malindi)*

Hapana. Lile jitu haliishi bahari yetu, tulio nao ni ndugu zake wadogo. Na ukikamatwa unavunja ndani ya hifadhi ya bahari, ambayo iko tangu 1968 kwa hivo usiseme hukujua, KWS, wale askari wa wanyamapori wa Kenya, hawatakuuliza kama ulipata lulu. Tena mnaouza makombe kwa watalii njiani mwawatia matatani pia, mtu afika uwanja wa ndege ananyang'anywa mzigo.

*Basi ghali zaidi ni ipi? (Mama mmoja wa Langoni)*

Swali zuri mama, angalau wewe wauliza iliyolipwa. Mwaka 2018 kule Geneva, kwenye mnada wa Sotheby's, lulu ya kidani iliyokuwa ya Marie Antoinette, yule malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa, ilienda kwa dola milioni 36. Urefu wake hata sentimita tatu haufiki. Na La Peregrina, ya kutoka Panama, ilipita kwa wafalme wa Hispania, 1969 Richard Burton akamnunulia Elizabeth Taylor kwa dola 37,000, mbwa wao nusura aitafune, 2011 ikauzwa zaidi ya milioni 11. Lakini msidanganyike kuwa lulu hupanda tu. Mwaka 1917 masonara wa Cartier walipata jumba zima la New York kwa kubadilishana na mkufu wa lulu uliohesabiwa dola milioni moja, kisha Wajapani, Mikimoto na wenzake, wakajaza soko lulu za kufugwa, zile mtu anazozikuza kwa makusudi ndani ya chaza, na mkufu uleule ulipouzwa 1957 haukufika laki mbili. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba ya Uajemi, kule boriti zetu za mikoko zilikokuwa zikiuzwa, ndo waliumia kweli, hawakuwa na jumba la kubaki nalo.

*Kweli Kleopatra alikunywa lulu kwenye siki?*

Aliyeandika ni Plinio, mwandishi wa Kirumi, karibu miaka mia baadaye. Siki yala lulu kweli, ila polepole, sio ya kungojea mezani.

*Nimeuziwa seti ya harusi, nitajuaje kama ni lulu? (Bi harusi, Shela)*

Hongera mwanangu. Sugua kwa ncha ya jino taratibu, ya kweli ina ukwaruzo kidogo, ya plastiki yateleza. Hii haitakwambia kama ni ya kufugwa au ya porini, hapo mpaka eksirei, na kama umeuziwa kwa bei ya kawaida ni ya kufugwa, usibishane, ni lulu vilevile. Ukishajipaka marashi na kujifukiza udi ndo uvae, sio kabla, na mtu asikushauri uzisafishe kwa limau.