Uliza Anko: Nataka kuhamia ushago niwinde, nivue na kupanda ngwai (bangi) yangu, nitaweza?

SWALI: Anko habari ya masiku. Mi ni kijana wa miaka 29, nakaa hapa Nakuru Section 58, kazi yangu ni kurepea simu na kuprinti makaratasi ya watu lakini ukweli nimechoka. Rent inapanda, token ya stima inaisha kabla wiki iishe, na kila jioni naangalia video za wazee wa Alaska wamejijengea kanyumba msituni, wanawinda nyama ya mwaka mzima, wanavua mtoni, na nyuma ya nyumba wako na miti yao ya bangi bila kusumbuliwa na mtu. Babu yangu aliacha ekari moja na nusu huko Siaya karibu na Yala Swamp, imekaa tu majani. Nataka kwenda na mbwa wawili, neti ya samaki, paneli ya sola na mbegu kidogo za ngwai za kujitumia mwenyewe, si za kuuza. Shida iko wapi hapo? – Mchovu wa Tao, Nakuru

JIBU: Mchovu, nusu ya hii plan yako iko sawa kabisa na ningekuambia panda matatu ya Kisumu hata kesho, hiyo nusu ingine ndo itakufikisha jela ya Kodiaga ukule maharagwe ya serikali bila kulipa rent, kwa hivyo acha tuitenganishe polepole.

Kwanza hao wazee wa Alaska. Lile ni jimbo la Marekani la karibu kilomita mraba milioni 1.7 na watu hawafiki hata milioni moja. Sisi Kenya nzima ni karibu kilomita mraba 580,000 na sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, ukienda hapo Vihiga ni zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba moja, sasa huo msitu wa kujificha na bunduki na mbwa wawili utaupata wapi, ukikohoa jirani anakuuliza umekunywa dawa. Kitu ingine video haikuonyeshi ni kwamba hata huko mtu anakata leseni ya kuwinda, kuna msimu, kuna idadi ya wanyama unaruhusiwa, na wakijaza friza nyama ya mwaka ni juu hiyo karatasi iko. Hata bangi yao wameiruhusu kwa kura ya 2014, mtu mzima anapanda miti sita nyumbani na mitatu tu ndo inaweza kuwa imekomaa. Si ati hakuna sheria, sheria yao tu ndo imesema ndiyo.

Yetu imesema hapana, kwa zote mbili. Kuwinda kwa michezo kulipigwa marufuku Kenya 1977, na watu wengi wanafikiri hiyo ilikuwa ya wazungu wa kutafuta pembe, ati mtu wa kutafuta mboga anasamehewa. Hasamehewi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imetaja kabisa kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani, faini isiyopungua shilingi 30,000 ama jela isiyopungua miezi sita ama zote mbili, na ukianza kuuza ama kusambaza hiyo nyama inakuwa kesi ingine nzito zaidi. Paa, sungura wa porini, kanga wa porini, nungu, wote ni wanyamapori, haijalishi amepita kwa shamba la babu yako akikula viazi zako. Na huko Yala Swamp ndo mbaya zaidi juu kuna sitatunga, yule swala wa kwenye mafunjo, ni wachache sana Kenya, sasa mbwa zako hazijui kusoma, zikimuangusha mmoja wewe ndo utaitwa. Acha mbwa wachunge boma. Nyama fuga, kuku wa kienyeji na sungura wa kizungu wanakutosha, hao sungura wanazaa mpaka unachoka kuwajengea, na hakuna askari wa KWS, wale wa wanyamapori, atakuuliza.

Sasa samaki, hapo ndo napenda mawazo yako, lakini pia si kurusha neti tu. Umesema una neti, ni ya ukubwa gani? Kwa Lake Victoria neti ya mbuta (sangara) na ngege (tilapia) haifai kuwa na macho chini ya inchi 5, zile za monofilamenti zinazong'aa kama uzi wa plastiki zimekatazwa, kokoro la kuvuta ufuoni limekatazwa, na mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 mpaka 85, mdogo unamrudisha akue na yule mkubwa kabisa unamwacha azae. Omena nayo inafungwa Aprili mpaka mwisho wa Julai. Ukifika, kabla hujalowesha kamba, tafuta ofisi ya BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi wa beach yenu, ujiandikishe, ujulikane ni mtoto wa nani, juu mgeni anayevua usiku bila kujulikana anachukuliwa ni mwizi wa neti na hapo hata polisi hawafiki kwa wakati.

Na uko na bahati hujui uko nayo. Hapo ndani ya Yala Swamp kuna Lake Kanyaboli, na ile ngege ya asili, ile wazee wanasema ilikuwa tamu kuliko zote, ilipomalizwa ziwa kubwa baada ya mbuta kuletwa miaka ya hamsini na sitini, huko Kanyaboli ilibaki juu mbuta hakuingia. Kwa hivyo vua na ndoano, chukua ya kula, waachie wengine. Kuna kamongo pia na mumi kwenye tope, hao ni wagumu hawaishi haraka. Usisahau kiboko, mvuvi wa mtumbwi anamuogopa kiboko kuliko mamba, na jioni kwenye mafunjo usipite njia yake.

Lakini mi ningekuwa wewe ningechimba bwawa. Ekari moja na nusu ni kubwa. Ule mradi wa serikali wa 2009 ulichimba mabwawa ya mita mraba 300 na kuweka vifaranga 1,000 kila moja, mengi saa hii ni makao ya vyura juu watu walingoja serikali ilete chakula cha samaki, lakini hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Nunua tilapia wa kiume pekee, juu ukichanganya wanazaliana mpaka bwawa linajaa visamaki vya ukubwa wa kidole. Wakifika gramu 250 baada ya miezi kama sita mpaka tisa, na wakipona 800 kati ya hao elfu, hiyo ni kilo 200. Huna friji kwa hivyo pasua mgongoni, tia chumvi, anika juani iwe obambla ama uweke kwa moshi, na hiyo haihitaji stima kama nyama ya friza ya Alaska ambayo jenereta ikizima wanalia.

Stima na maji ni rahisi kuliko unavyofikiri. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la masaa manne ama matano inakupa kama wati-saa 400 mpaka 500 kwa siku. Balbu nne za wati 5 ukiwasha masaa matano ni 100, simu mbili ni kama 30, TV ndogo ya wati 30 kwa masaa manne ni 120, umebaki na kitu, na unaweza repea simu za kijiji kizima, kazi yako usiiache, utashangaa ndo itakulisha miezi ya kwanza. Betri ya Ah 100 ya asidi ina wati-saa 1,200 lakini usitumie zaidi ya nusu, ukiimaliza kila usiku itakufa mapema. Pasi, koili na heater sahau. Maji nayo, milimita moja ya mvua kwa mita mraba moja ya mabati ni lita moja, hivyo paa la mita 6 kwa 8 hata ukipata milimita 1,000 tu kwa mwaka ni lita 48,000, toa za kumwagika na kuoshea paa unabaki na kama 38,000. Pesa zako weka kwa tangi kubwa na gata nzuri kabla ya hiyo paneli, watu wananunua sola kwanza halafu wanabeba maji na kichwa.

Ngwai. Najua hapa ndo ulikuwa unangoja. Ile sheria ya madawa ya kulevya ya 1994 ilipunguzwa makali kidogo 2022 kwa mtu anayepatikana na ya kujitumia, ikawa faini isiyozidi 100,000 ama jela isiyozidi miaka mitano, na watu wakasikia hivyo wakadhani mambo imeisha. Kupanda ni kifungu kingine kabisa, ni 250,000 ama mara tatu ya bei ya hiyo mimea, yoyote iliyo kubwa, ama jela mpaka miaka 20, ama zote pamoja, na haijasema mti mmoja ni sawa. Halafu mwenye shamba akijua na akaruhusu anaingia pia, na wewe umesema shamba ni la babu, naomba nikuulize, title iko jina la nani? Kama bado ni la marehemu na hamjafanya succession, basi ni ya baba yako na mashangazi na maami wote, unataka kuwaingiza kwa kesi ya mti wako mmoja? Na kijijini mti haufichiki, unanusika, kuna mmoja mnagombania mpaka na yeye atapiga simu kwa chifu kabla haujatoa maua. Wajackoyah, yule mgombea urais, alizunguka nchi nzima 2022 akiahidi bangi ya kuuza nje, watu wakacheka wakapiga picha na yeye, siku ya kura hakufikisha hata asilimia moja, na marasta walienda High Court na kesi yao 2021 wakitaka waruhusiwe kwa dini. Ikibadilika siku moja tutaongea vingine. Saa hii panda managu, mrenda na saga, sokoni haikosi mtu na hata mvua ya kawaida inatosha.

SWALI: Anko mi ni wa Elburgon. Waogiek walishinda kesi Arusha ati wanaruhusiwa kuwinda Mau. Mbona sisi wengine tunashikwa na KFS, wale askari wa misitu, hata tukiokota kuni? – Msomaji wa Molo Road

JIBU: Ni kweli Mahakama ya Afrika iliamua Mei 2017 kwamba haki za Waogiek zimevunjwa, za ardhi na za utamaduni wao wa kuishi na msitu, na Juni 2022 ikasema walipwe shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi. Lakini soma vizuri ndugu yangu, ni jamii moja kwa ardhi ya mababu zao, si leseni ya kila mtu aliye na upinde. Na hata wao wenyewe bado wanalia, mwishoni mwa 2023 walikuwa wanafukuzwa tena. Wewe chukua ile sehemu yao ambayo hakuna mtu atakukataza, asali. Mizinga mitano kwa shamba lako, na kuni ingia CFA, kile chama cha jamii cha kutunza msitu, ya hapo kwenu ulipie kibali, ni pesa kidogo.

SWALI: Mzee wangu alikuwa anatega isindu (kware) na tundu juu ya mti mrefu, moja ndani inaita zingine. Hiyo pia ni kosa? – Kakamega

JIBU: Yule wa porini ni wa KWS, pole kwa mzee. Hata kufuga kulihitaji kibali, muulize yeyote aliyenunua mayai ya aluru, hao hao isindu, wakati ule wa 2013 kwenda 2014 watu wakiuziana kama dawa ya kila ugonjwa, bei ikaanguka na ndege wakabaki kwa banda. Kumbikumbi tega vile unataka, hizo hakuna mtu anazihesabu.

SWALI: Anko, bwanangu amesoma mambo kama ya hao wazee wa Alaska na sasa anataka tuhame Kisumu twende kando ya ziwa na watoto wawili, mmoja yuko grade two. Ameniambia tuuze friji. Nifanyeje? – Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, usikatae, muulize maswali. Kliniki iko kilomita ngapi usiku mtoto akishikwa na malaria? Shule je? Watoto wataoga wapi, juu ukingoni kwenye magugu na konokono ndo bilharzia inaingia kwa ngozi, huhitaji hata kunywa. Maji ya ziwa ya kuoga yachoteni yakae kwa mtungi siku moja mpaka mbili kabla ya kutumia, ya kunywa chemsheni, na shule ikileta ile dawa ya bilharzia, prazikwanteli, watoto wameze. Neti za mbu kwa kila kitanda, si moja ya baba.

Friji usiuze bado. Mwache aende peke yake mwezi wa nne mvua ikiwa imechapa, akae mpaka mwezi wa tano ajipikie na ajichotee maji, akirudi na bado anataka ndo mzungumze bei.