Sauti inayonyonywa na sponji huenda wapi?

SWALI: Mtaalamu, nina studio ndogo ya kurekodia kwaya hapa Moshi. Nimebandika ukutani vipande vya godoro vyenye unene wa sentimita 5, na mwangwi umepungua sana, ila besi bado inavuma. Mwenzangu anadai kwamba sponji hujaa sauti, hivyo lazima ibadilishwe kila baada ya muda. Je, ni kweli? Na sauti hiyo huenda wapi?

JIBU: Sponji haijai sauti, kwa kuwa haiihifadhi, huigeuza kuwa joto. Wimbi la sauti ni hewa inayosukumwa mbele na nyuma kwa mpangilio, na hewa hiyo inapolazimika kupita katika vitundu vyembamba vya sponji husuguana na kuta zake, hadi mwendo ule wenye mpangilio unapovurugika na kubaki mtikisiko wa ovyo wa molekuli, ambao ndio joto lenyewe. Aidha, hewa hupata joto kidogo inapogandamizwa na hupoa inapotanuka; ndani ya vitundu sehemu ya joto hilo huhamia kwenye sponji na hairudi yote kwenye wimbi.

Hutalihisi joto hilo kwa mkono. Sauti ya desibeli 90, ambayo ni kelele ya kutosha, hubeba takriban wati 0.001 kwa kila mita ya mraba. Hata kama mita 10 za mraba za sponji zingeinyonya yote, bila kupoteza chochote, ingechukua zaidi ya mwaka mzima wa kuimba mfululizo kukusanya joto la kuchemshia lita moja ya maji.

Huenda mwenzako ameona sponji iliyochakaa, kwani mwanga na unyevu huifanya igeuke njano na kumeguka, na vumbi huziba vitundu. Rangi ya ukutani huviziba pia, kwa hiyo usiipake. Kabla ya kununua, weka kipande mdomoni upulize: pumzi isipopenya, hata sauti haitapenya, na nyingi itarudi chumbani.

Kuhusu besi, tatizo ni mahali ulipobandika. Hewa iliyogusana na ukuta mgumu haiwezi kusogea kuuelekea, na pasipo mwendo hakuna msuguano. Hewa husogea zaidi kwenye umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde umbali huo ni kama sentimita 8.5, na sponji yako inaukaribia. Kwa besi ya mitetemo 100 ni sentimita 85, nayo inapita karibu bila kuguswa. Tumia vipande vinene zaidi, uviache mbali kidogo na ukuta, hasa kwenye pembe za chumba, ambako shinikizo la besi hujikusanya. (Trei za mayai, ambazo bado nazikuta katika studio nyingi Arusha na Moshi, hazisaidii besi hata kidogo.)

Usitarajie sponji izuie kelele za bodaboda barabarani. Kazi hiyo inahitaji ukuta mzito na mlango usio na upenyo. Jambo la mwisho ni moto: sponji ya godoro hushika haraka na moshi wake una sumu, kwa hiyo iweke mbali na nyaya na taa zinazopata joto, na usiibandike karibu na mlango pekee wa kutokea.