"Asiyezidi miaka 10", "chini ya miaka 10" na "mwaka wa kumi": ni kitu kimoja?

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Hombolo, hapa hapa Dodoma. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Kwenye kikao cha mtaa kulikuwa na kesi ya watoto walioingia shamba la zabibu la mtu, wamekula na nyingine wamebeba. Kijana mmoja akasimama akasema mtoto asiyezidi miaka 10 hashtakiwi. Mzee mmoja akamkatalia, eti sio asiyezidi, ni mtoto wa chini ya miaka 10. Wakabishana mpaka jua linazama. Si maneno yaleyale hayo? Halafu mwanangu ndo kwanza kaingia mwaka wa kumi, yeye yuko upande gani?"

Marahaba mama, na poleni na zabibu. Maneno sio yaleyale hata kidogo, na mzee wenu yuko sahihi.

Chukua mtoto aliyetimiza miaka 10 leo asubuhi. Je, kazidi miaka 10? Hajazidi, yuko palepale kwenye kumi. Kwahiyo "asiyezidi" inamfunika. Je, yuko chini ya miaka 10? Hapana, keshafika, kwahiyo "chini ya" inamwacha nje. Siku moja tu hiyo ndo inatenganisha maneno haya mawili, na ukija kwa huyu wa miaka kumi na miezi minne ndo balaa, maana mtu wa hesabu atakwambia kazidi kwa miezi minne, wakati sisi wa mtaani tunamwita wa miaka kumi mpaka siku anafikisha kumi na moja. Sasa Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 15, inazungumzia mtu aliye chini ya miaka 10, kwamba hana dhima ya jinai, yani habebeshwi kosa, kwa alichotenda au alichoacha kutenda. Kwa hesabu hiyo ya mtaani, kijana wenu bila kujua kawaongezea watoto karibu mwaka mzima wa msamaha.

Nadhani najua alikotokea lakini. Mara nyingi watu wanasema "umri wa chini wa kushtakiwa ni miaka 10", na ni kweli, ila hapo "chini" inafanya kazi nyingine kabisa. Fikiria kima cha chini cha mshahara: anayelipwa kima cha chini analipwa hichohicho, kiasi chenyewe kimo ndani, anayelipwa chini ya kima ndo kaonewa. Vivyo hivyo umri wa chini ni 10, na mwenye 10 yumo, sheria inaanza kumgusa. Aliye chini ya umri huo hayumo. Neno ni lilelile chini, kinachogeuza maana ni hiyo "wa" na "ya", yani herufi moja na mtoto kashatoka kwenda nyumbani.

Haya, mwanao. "Kaingia mwaka wa kumi" na "ana miaka kumi" watu wanavichanganya kila siku, hata mimi nimesikia walimu wenzangu wanavichanganya. Kichanga cha wiki mbili kiko kwenye mwaka wake wa kwanza lakini hakina hata mwaka mmoja. Aliyeingia mwaka wa kumi ana miaka tisa, wa kumi ndo anautafuna sasa hivi, akiumaliza ndo tunasema ana miaka kumi. Kwahiyo mama, kama umesema kweli kwamba ndo kwanza kaingia, mwanao yuko chini ya kumi na anabaki hivyo mpaka siku yake ya kuzaliwa ijayo. (Zabibu za watu asile lakini.)

Kitenzi kinachomaliza ubishi ni kutimiza. Katiba yenyewe ya 1977 kwenye haki ya kupiga kura haikusema "mwenye miaka kumi na minane", imesema "aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane", na hapo hakuna wa kuchomoka na mwaka wake wa kumi na nane. Na muone ilivyoandikwa, kumi na MINANE. Miaka kumi haibadiliki, ila kinachofuata baada ya "na" kinafuata ngeli: miaka kumi na miwili, sio kumi na mbili. Najua wote tunasema kumi na mbili, tunasema tu.

Hiyo kumi na miwili nimeitaja makusudi, maana kifungu hakiishii kumi. Aliye chini ya miaka 12 naye hana dhima mpaka ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda. "Ithibitishwe" na nani? Kauli ya kutendwa inaficha mtenda, ila mahakamani mzigo huo ni wa upande wa mashtaka, sio wa mama wa mtoto. Na shikeni "wakati anatenda": aliyechuma zabibu akiwa na miaka tisa, kesi ikaja kuzungumzwa keshatimiza kumi, anahesabiwa tisa yake.

Mbona nasema "dhima" na sio "kuwajibika"? Kwa Tanzania hii ukisema mtu awajibike, watu wanaelewa aachie ngazi kama waziri, sasa mtoto wa miaka tisa ataachia nini, utoto? Dhima wanafunzi wameizoea kwenye fasihi, dhima ya hadithi ni nini, lakini kwenye sheria ni kule kubebeshwa kosa. Wala usiseme "hana hatia". Hatia inakuja baada ya kesi, na huyu hata kesi haimfiki.

Kwahiyo kwenye muhtasari wa kikao waambieni waandike "mtoto ambaye hajatimiza miaka 10", ni refu kidogo ila halina mlango wa nyuma. Na we mama tafuta cheti cha kuzaliwa, au hata kadi ya kliniki, ukae nacho karibu, maana "alizaliwa mwaka ule wa njaa" hapa kwetu Ugogo kila mtu ana mwaka wake wa njaa. Huyo mzee mpeni mbukwa yangu, salamu yetu ya Kigogo.