Alamu ya nyumba mpya: umeme ukikatika itampigia nani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi na mume wangu tunajenga huku Gungu, Kigoma, bati limeshapanda na sa hivi tuko kwenye plasta, Mungu akijaalia mwisho wa mwaka tunahamia. Mume wangu ni mtu wa safari, anapeleka dagaa Dar anaweza akakaa hata wiki mbili, mimi nabaki na watoto na mdogo wangu wa kike. Nataka nifunge alamu smati. Duka moja Mwanga wameniambia nichukue ya waifai, unaunganisha na apu kwenye simu basi umemaliza. Mtu mwingine kaniambia hapana, chukua inayotumia laini. Nimechanganyikiwa, na umeme wetu unaujua ulivyo. Nichukue ipi? (Mama wa Gungu)

JIBU: Salama kabisa dada yangu, hongereni sana, kujenga sio mchezo.

Chukua ya laini. Au inayotumia vyote viwili, laini na waifai, ila ya waifai peke yake kwa mazingira yako usichukue hata kama wamekupunguzia bei. Nikueleze kwanini. Alamu ya waifai mlango ukifunguliwa, sensa (kile kijiboksi kinachohisi) inaambia mtambo (boksi kuu la alamu), mtambo unaambia ruta (boksi la waifai), ruta inatuma kwenye intaneti mpaka kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi huko, ndo irudi kwenye simu yako. Sasa hesabu mwenyewe sehemu ambazo hiyo safari inaweza kukatikia: umeme umekatika ruta imezima, bando limeisha, mtandao uko chini, simu yako data umeizima usiku. Mwizi anajua kabisa umeme ukikatika ndo saa yake ya kazi, na hiyo ndo saa ambayo alamu ya waifai tupu inabaki kulia humo ndani tu bila mtu wa mbali kujua, na kama haina betri hata kulia hailii.

Ya laini ina sehemu ya kuweka laini ya simu kama hii unayotumia, ikishtuka inapiga simu ya kawaida na kutuma meseji, haihitaji bando. Unaiwekea namba kadhaa inapiga moja baada ya nyingine mpaka mtu apokee. Hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe na sio cha fundi, na weka vocha kidogo kila mwezi alafu ijaribu, maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni wanaifunga na wewe hutajua mpaka siku ya tukio. Angalia pia wanaandika inatumia 2G au 4G, zile za bei ya chini nyingi ni 2G tupu, yaani ule mtandao wa simu wa zamani. Sa hivi inashika vizuri tu, lakini wenzetu wameshaanza kuizima, Marekani kampuni ya AT&T waliizima tangu mwaka 2017, na wewe nyumba hii unajenga ya kuishi miaka. Ongeza hela kidogo uchukue ya 4G. Na usikague laini kwa maneno ya muuzaji, nenda site na simu ukasimame pale mtambo utakapokaa uone mtandao gani unashika, kuta za tofali za kuchoma zinakula sana mawimbi.

Betri sasa, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Karibu kila boksi limeandikwa lina betri ndani, ila betri ya masaa matano na ya siku mbili zote zinaitwa betri. Mtambo unaokula miliampia 100, ukiufungia betri ya 12V yenye 7Ah (yaani inaweza kutoa miliampia 7,000 kwa saa moja), kwenye karatasi unafika saa 70, kwenye ukweli toa kidogo, lakini umeme ukikatika jioni asubuhi unaukuta hai. Usilipe kabla hujaona kwa macho: mwambie muuzaji achomoe waya wa umeme pale pale dukani, aweke laini, afungue sensa ya mlango, simu yako iite. Akianza kukupa sababu ondoka.

Kwa vile uko kwenye plasta una bahati kubwa, ongea na fundi umeme leo, sio kesho, apitishe bomba za waya kwenda mahali pa mtambo na kwenda juu kwenye paa la mbele patakapokaa king'ora, hata kama hujanunua chochote bado. King'ora kikae juu mtu asikifikie bila ngazi, na chagua chenye betri yake chenyewe ili hata waya ukikatwa kiendelee kulia. Na mkumbushe ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, radi za Kigoma mvua zikianza unazijua, mtambo bila ethi na bila kifaa cha kuzuia umeme mkubwa hauvuki masika.

Kitu kingine kuhusu milango. Wengi wenu mnaweka mlango wa chuma mbele, ile sensa ya mlango ni sumaku na kijiboksi, ukiigandisha moja kwa moja kwenye chuma sumaku inapungua nguvu, alamu inaanza kulia mlango ukiwa umefungwa. Ulizia ya milango ya chuma, au fundi aweke kipande cha plastiki chini yake. Mlango wa nyuma kama ni mbao mbichi subiri ukauke ndo ufunge sensa, mbao ikijikunja nafasi inapotea.

Usiku mkilala washa ile hali ya nyumbani, inalinda milango na madirisha tu, sensa za mwendo zinanyamaza, watoto wanaenda chooni bila shida.

Alafu hizo namba. Yako ya kwanza sawa, lakini ya pili usiweke ya mume wako, akiwa Dar atafanya nini zaidi ya kuchanganyikiwa? Weka jirani wa ukuta kwa ukuta, ya tatu kijana wa ulinzi shirikishi au mwenyekiti wa mtaa, mume wako awe wa nne. Kaa nao kabla hujahamia, wasikie hicho king'ora kinavyolia, mkubaliane kikilia nani anatoka na nani anapiga 112 polisi. Na grili na makomeo mazuri usiyapunguze kwa ajili ya alamu, alamu inaita watu, grili ndo inamchelewesha mwizi mpaka hao watu wafike.

SWALI: Fundi, mimi niko Ujiji, alamu yangu inalia jioni jioni hakuna mtu ndani. Nimebadilisha betri lakini wapi. Shida nini? (Msomaji wa Ujiji)

JIBU: Kaka, hiyo saa ndo inaniambia. Nadhani sebule yako ina dirisha la upande wa ziwani na sensa ya mwendo inaliangalia. Ile sensa inaona joto linalotembea, jua likishuka ziwani linapiga moja kwa moja, pazia linapepea, bati nalo limechemka kama hujapiga silingi, yenyewe inadhani ni mtu. Ihamishie ukuta wenye dirisha lenyewe ili ilipe mgongo, kwenye kona, mita mbili au mbili na kidogo kutoka chini, mtu akipita akatize mbele yake maana anayekatiza inamuona upesi kuliko anayeifuata. Ifute vumbi pia, maana buibui na mijusi wanapita juu ya kioo chake na yenyewe inashtuka. Ukishaihamisha, king'ora kizime siku chache iwe inatuma meseji tu, zikiisha za jioni ndo ukiwashe.