Jibu: Picha za wazee ukutani bila fremu za bei

Dada yangu, umeuliza namna ya kupamba sebule kwa picha za wazee bila kununua fremu. Picha asili usiiguse; tumia nakala iliyochapishwa kwa printa ya leza, kwa kuwa wino wa maji huchuruzika ukikutana na gundi. Waombe maseremala wa hapa Lamu vipande vya mbao vilivyobaki, uvipige msasa, upake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo, kisha ulaze karatasi na kuisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni hadi vipovu viishe. Kuta zetu za matumbawe na chokaa hushika unyevu, hivyo bandika nyuma vipande vya ndara kuukuu ili hewa ipite. Penye zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani, misumari ya nini? Ziegemeze picha humo, mbali na jua.